UZI: Kikao cha wanaoacha pombe hapa Mombasa hupatikana vipi?

Bint_Magongo
Salamu wadau. Naulizia kikao cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kile cha kukaa kwenye viti na kuzungumza, si rehabu ya kulala. Mhusika anaishi Magongo. Kazi yake ni ya shifti, wiki moja anatoka saa 10 jioni, wiki ya pili anaingia saa 12 jioni. Ni Muislamu. Anakunywa kila siku, mnazi mchana na mzinga (chupa kubwa ya pombe kali) usiku. Ameniambia ataacha Jumatatu na jioni yake aende kikaoni. Nikiandika "AA Mombasa" kwenye simu naletewa shule ya udereva. Nianzie wapi?

Nahodha_Tudor
Dada, hiyo uliyoletewa ni AA ya magari. Hapa Kenya ndiyo yenye jina kubwa, na hata mlinzi wa getini ukimuuliza "AA wako wapi" atakuelekeza kwenye leseni. Andika jina zima, Alcoholics Anonymous. Hicho ni chama kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na leo kina vikundi duniani kote. Masharti ya kuingia ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna kitambulisho.

Sasa pa kuanzia. Piga 1192, laini isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Lakini usiseme tu "nataka msaada wa pombe", maana hilo ni ombi pana, utaelekezwa kwa mshauri nasaha au rehabu. Sema hivi: "Naulizia kikao cha AA upande wa Changamwe au kisiwani, siku gani, saa ngapi, ukumbi gani, na nani anashika funguo." Wasipokuwa nacho, waombe namba ya kituo kilicho karibu nawe kinachowapeleka wagonjwa wake kwenye vikao.

Ya pili, programu ya simu ya AA wenyewe inaitwa Meeting Guide, nembo yake ni kiti. Ni ya bure. Ina kasoro moja: huonyesha vikao ambavyo ofisi za AA za eneo husika zimevituma. Kikundi kisipotuma taarifa hakionekani. Kwa hiyo ramani ikiwa tupu hapa kwetu, usikate tamaa ukadhani mji mzima hauna kitu.

Ya tatu ndiyo naiamini zaidi: uliza pale watu wanapotokea. Hospitali ya Port Reitz iko jirani nanyi na ina kitengo cha afya ya akili, na Miritini kuna kituo cha NACADA cha matibabu na urekebishaji. Kisiwani kuna hospitali kuu ya Pwani pale Makadara. Mtu akimaliza rehabu lazima awe na mahali pa kwenda jioni, na wauguzi na washauri wa vitengo hivyo ndio wanaojua kikao kipi bado kinakaa na kipi kilishakufa.

Mama_Viti
Naongezea kwa Nahodha: ukishapata jina la ukumbi, thibitisha SIKU ILE ILE. Orodha za mtandaoni huzeeka. Kikundi huhama kwa sababu ukumbi umekodishwa harusi, au aliyekuwa na funguo amepata kazi Nairobi, na hakuna anayekumbuka kufuta lile tangazo la zamani. Mtu aliyejikaza wiki nzima akafika akakuta kufuli, hiyo ndiyo jioni anayoishia baa.

Na saa, jamani, saa! Orodha nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. 6:00 ya jioni ni saa 12 kwetu. Watu huisoma "sita", wakafika adhuhuri jua la utosi, ukumbi hauna mtu. Kinyume chake pia hutokea: mtu wa simu anasema "saa sita" akimaanisha 6 ya Kizungu. Uliza swali la ziada: "Kabla ya Alasiri au baada yake?" Hapo hakuna wa kukosea.

Klinikal_Likoni
Kabla hamjaendelea na ukumbi, turudi kwenye hiyo Jumatatu.

Bint, mtu anayekunywa kila siku, mchana na usiku, asikate ghafla nyumbani bila kuonwa na daktari. Kwa heroini arosto (mateso ya mwili kitu kikikatwa) inatesa lakini kwa kawaida haiui. Ya pombe inaweza kuua. Hesabu inaanza kwenye tone la mwisho. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio, usingizi hamna, kutapika. Degedege la mwili mzima likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huingia kwenye hali mbaya zaidi: joto la mwili linapanda, hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwepo.

Hapo ndipo sisi watu wa Pwani tunapopotea. Mgonjwa anaona vitu siku ya tatu baada ya kuacha, familia inasema kapandwa na jini, anapelekwa kwa mganga, anafungiwa chumbani afukizwe ubani. Sina ugomvi na ubani. Lakini mtu huyo ubongo wake umezoea pombe imtulize, pombe imeondolewa kwa mpigo, sasa umewaka wote. Hiyo ni dharura ya hospitali, usiku huo huo.

Basi Jumatatu asubuhi aende kliniki kwanza, na mpaka aonwe asikate kwa mkupuo. Aende na majibu ya haya: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, kwa muda gani, tone la mwisho lilikuwa lini, aliwahi kupata degedege, na kama anatumia kitu kingine, hasa bugizi (vidonge vya kulewesha vya mtaani) au vidonge vya usingizi. Daktari ndiye ataamua kama atapewa dawa za kutuliza akiwa nyumbani chini ya uangalizi au alazwe siku chache. Aliyewahi kupata degedege kwa kuacha pombe, mara nyingi ni wa kulazwa.

Mambo mengine niliyoona yakikosewa:

Dripu. Mwambieni daktari au muuguzi mapema kwamba ni mnywaji wa kila siku. Wanywaji wengi wamepungukiwa na vitamini B1, na glukosi ya mshipani ikitangulia bila hiyo vitamini inaweza kumalizia akiba ndogo iliyobaki na kuharibu ubongo. Kwa mgonjwa wa aina hii B1 hupewa kabla ya glukosi au pamoja nayo.

Vidonge vya kununua dukani. Daktari hutumia dawa za jamii ya diazepamu kwa kipimo cha kushuka siku hadi siku. Mtu akijinunulia mwenyewe, akameza huku bado anakunywa, pumzi hupungua mpaka hukatika.

Degedege likija, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni, wala msimnusishe kiatu.

Mja_wa_Bamburi
Klinikal, umesahau Ramadhani. Wapo wanaokunywa mpaka usiku wa kuandama mwezi, kisha wanaacha palepale. Siku mbili tatu za mwanzo za mfungo ndizo hizo hizo za degedege, na mtu hana maji mwilini. Nyumba nzima inamsifu kwa kufunga, kumbe anatetemeka kwenye mkeka.

Klinikal_Likoni
Ahsante shekhe, kweli kabisa. Anayetaka kuacha kwa ajili ya mwezi aanze wiki mbili kabla, Shaaban, kwa mpango wa daktari. Na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo mumuulize imamu wenu, si mimi.

Mja_wa_Bamburi
Niseme na hili la dini kwa kuwa Bint ametaja. Vikundi vingi hukodi kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zenye viti vingi na kodi nafuu. Kukodi ukumbi si kuwa chini ya kanisa, AA haifungamani na dhehebu lolote. Hatua zao ni 12, na zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa mwenyewe, kwa hiyo Muislamu hakatazwi kusema Allah. Mwishoni huwa kuna dua fupi watu wakiwa wamesimama. Asiyetaka anasimama kimya, hakuna atakayemgeukia.

Tatizo la kweli ni saa. Kikao cha saa 12 jioni kinaangukia Magharibi, maana kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika arobaini hivi, mwaka mzima. Muulize katibu mapema kama kuna kona ya kuswali, au achague kikao kinachoanza saa 1 usiku. Na kama ukumbi wa kanisa unamkwaza kabisa, MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya elimu na ustawi, wamekuwa wakishughulika na waraibu kwa miaka mingi hapa mjini, na mazingira yao ni ya Kiislamu. Aulizie huko ufuatiliaji wa waliomaliza tiba.

Kaka_Buxton
Yote sawa, lakini mbona tunazunguka? Ajitokeze kikaoni na harufu yake ya pombe, wampokee. Huo ndio udugu.

Mama_Viti
Kupokelewa atapokelewa, kaka. Desturi ya vikundi vingi ni kwamba aliyekunywa siku hiyo anakaa, anasikiliza, hashei. Anayepiga kelele anatolewa nje apewe chai na mtu mmoja wa kukaa naye. Lakini kikao si wodi. Hakuna mwenye dawa pale, na mtu akianguka degedege katikati ya viti sote tunakuwa watazamaji. Ndiyo maana Klinikal ametanguliza hospitali.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mambo huwa hivi. Kikao huchukua saa moja, vingine saa moja na nusu. Kuna cha wazi, ambacho ndugu, mwanafunzi au mtu yeyote anaweza kuhudhuria, na kuna cha kufungwa, cha mwenye shida ya pombe peke yake. Bint, kama unataka kumsindikiza mpaka ndani, uliza neno hilo: wazi au kufungwa. Mwendeshaji hufungua, husomwa maelezo mafupi ya AA ni nini, kisha watu hushea kwa zamu, mara nyingi dakika 3 mpaka 5. Jina la kwanza linatosha, na hata hilo si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Zamu ikimfikia na hana la kusema, atasema "napita", basi. Hakuna kumjibu mwenzako wala kumkosoa alichosema. Hili huwashangaza wageni, maana sisi Waswahili tumezoea baraza, mtu akisema lazima mwingine atie neno.

Kikapu kitapitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na majani ya chai. Mgeni hatakiwi kutoa. Kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama na hakipokei pesa za nje, si za mwanasiasa, si za kampuni. Kwa hiyo mtu akikudai "ada ya usajili" kwa kikao cha AA, ondoka. Kuna pia wale wanaokusanya namba za wageni wakawapigie kuuza nafasi za rehabu. Rehabu ni kitu kingine, yenyewe inalipiwa, na kabla ya kulipa omba kuona cheti chake cha kuidhinishwa na NACADA, chenye tarehe isiyopita.

Kaka_Buxton
Na ile sheria ya vikao 90 kwa siku 90?

Mama_Viti
Si sheria, ni ushauri wa wakongwe, na ulitoka kwenye miji yenye vikao asubuhi, mchana na jioni. Hapa piga hesabu ya nauli kwenda na kurudi kwanza. Nionavyo mimi, viwili vya ana kwa ana kila wiki bila kukosa, na vya simu siku zilizobaki, ni bora kuliko saba vya wiki ya kwanza halafu kimya.

Fundi_Bando
Hapo kwenye simu naingia mimi. Mtu wa shifti ndiye vya mtandaoni vinamfaa hasa, maana saa yoyote kuna mahali duniani watu wamekaa. Orodha kubwa iko kwa Online Intergroup ya AA. Angalia saa za nchi. Sisi hatubadilishi saa, wenzetu wanabadilisha mara mbili kwa mwaka. Kikao cha London cha saa 1 usiku kwao kinatuangukia saa 3 usiku kiangazi chao na saa 4 usiku baridi yao. Cha New York cha saa 6 mchana ni saa 1 usiku kwetu kiangazi, saa 2 baridi. Mtu anahudhuria vizuri tangu Mei, inafika Novemba anaingia anakuta chumba kitupu, anadhani ametolewa. Ni saa tu zimesogea.

Zima video. Sauti pekee hula makumi ya MB kwa saa, video hula mamia na kuzidi. Na kabla ya kuingia Zoom badilisha jina, kwa sababu simu nyingi huandika jina la mwenye simu lenyewe, hata lile la kazini.

Tahadhari na makundi ya WhatsApp. Siri ya kikao inaishia pale: kila mwanakundi anaiona namba yako, na akianza nayo hatua za kutuma pesa kwa M-Pesa, jina linatokea. Anayejali kazi yake achukue laini ya pili.

Dada_Shanzu
Bint, na wewe una kikao chako. Al-Anon ni cha ndugu na wenzi wa wanywaji, kilianzishwa 1951, hakichanganywi na AA ingawa wakati mwingine hukaa ukumbi ule ule. Ukipiga 1192 uliza vyote viwili kwa simu moja.

Tena tafadhali, mtu asikushauri umtilie kidonge kwenye chai. Ushauri huo unazunguka sana kwa kina mama. Kile kidonge kinaitwa disulfiramu. Mtu akikimeza kisha akanywa anawaka uso, anatapika, presha inashuka, na wengine moyo unasimama.

Klinikal_Likoni
Nathibitisha. Hutolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali, angalau saa 12 za kuhesabu baada ya tone la mwisho, na baada ya kupimwa moyo na ini. Akiacha kumeza, bado kinaweza kugombana na pombe mpaka siku 14. Hata dawa ya kikohozi yenye alkoholi inatosha kumwangusha.

Mgema_Mstaafu
Jina langu lisiwatishe. Naleta jambo la njia. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufungua saa 11 jioni siku za kazi, lakini mangwe (kilabu cha mnazi) haina saa. Mnazi unaanza kuchachuka tangu uko juu mtini ndani ya kibuyu, ukishushwa asubuhi ni mtamu, ikifika jioni ni mchungu na mkali. Kwa hiyo mnywaji wa mnazi ana vishawishi tangu alfajiri, na vingi viko vichochoroni anakopitia kwa miguu. Chora njia ya kwenda ukumbini na ya kurudi. Kama kituo cha matatu kiko mkabala na mangwe yake ya kila siku, ashukie kituo cha mbele na arudi kwa boda. Siku ya mshahara asirudi peke yake.

Na nyumbani asiambiwe "mnazi si pombe, ni kinywaji cha wazee". Nimekisikia mno hicho.

Chai_ya_Rangi
Mimi niko Likoni. Feri kwa mtu wa miguu ni bure, sawa, lakini jioni umati wa kivukoni unakula nusu ya kikao. Kwetu ng'ambo sijapata cha karibu. Tunaweza kuanzisha chetu?

Mama_Viti
Mnaweza. Watu wawili au watatu wenye shida hiyo wakikaa kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi kama kikundi wasijifungamanishe na chama kingine chochote. Mnachohitaji ni chumba chenye mlango unaofungwa (sebule ya mtu haifai, majirani wataanza kuhesabu wageni), siku moja ya wiki isiyobadilika, na maandishi ya kufungulia. Funguo zishikwe na watu wawili, si mmoja. Vikundi hufa kwa funguo kuliko kwa kukosa watu. Wiki sita za mwanzo mtakuwa wawili mnatazamana. Fungueni tu kwa saa ile ile. Mkishasimama, tumeni taarifa ili mwingie kwenye Meeting Guide, na nakala ipelekwe kwenye kliniki ya hospitali iliyo karibu.

Chai_ya_Rangi
Na mkongwe wa kutuongoza?

Mama_Viti
Sponsa? Mtamwomba kikao cha kisiwani, akiwa na miaka kadhaa bila kunywa. Mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, hiyo ndiyo desturi. Sponsa hakopeshi pesa wala hatoi dawa. Akianza kimojawapo, tafuteni mwingine.

Bint_Magongo
Ahsanteni sana. Nimeandika: Jumatatu asubuhi Port Reitz na yale majibu ya Klinikal, nikiwa naye. Nimepiga 1192. Nimepata siku na ukumbi, ni kikao cha wazi, wamenitajia "tano na nusu" nikauliza kabla ya Alasiri au baada, wakasema baada. Basi ni saa 11 na nusu jioni. Wiki za kuingia usiku atakuwa kwenye simu. Ila anaona haya kuingia watu wakiwa wameshakaa.

Mama_Viti
Afike robo saa kabla. Amuulize mlinzi ukumbi uko wapi, asimuulize habari ya kikao. Ndani atakuta mtu anapanga viti, amwambie "nisaidie upande huu". Mikono inayotetemeka haionekani ikiwa imebeba kiti.